Mtoto hataki kulala? Usianzie kitandani

Wazazi wenye watoto wadogo wakikutana stori huwa ni moja tu, usingizi. Nani kalala, nani hajalala, nani kaamshwa saa tisa usiku na mtoto anayetaka kucheza kana kwamba kumekucha. Na mi nikiulizwa "nyie wa kwenu mnawalazaje" jibu langu linawaudhi watu kidogo, maana mtu anataka nimpe mbinu ya kutumia kitandani, afu mi namuuliza jana mtoto alilala mchana saa ngapi na aliamka saa ngapi. Anaona kama namzungusha. Lakini kwa ninavyowaona hawa wangu wawili, mmoja ana miaka mitatu na ushee na mdogo ndo anatambaa, vurugu za saa tatu usiku zinakuwa zimeshapikwa tangu mchana, ukifika kitandani unavuna tu.

Iko hivi. Usingizi wa mtoto unajengeka taratibu kuanzia pale anapofumbua macho, anavyozidi kukaa macho ndo unavyozidi kumlemea, na akisinzia hata nusu saa ule uzito unapungua. Sasa mtoto wa miaka mitatu akilala saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili, we saa mbili usiku unamwambia twende kulala, atalala na nini? Hana usingizi. Sio mkaidi, sio kwamba amedekezwa, usingizi wenyewe haupo. Kwetu yule mkubwa akilala mchana tunamuwahisha, mara baada ya chakula cha mchana, na ikifika saa tisa tunaanza kufungua mapazia na kuongea kwa sauti mpaka aamke mwenyewe. Ananuna, ndiyo, anakaa kwenye kochi robo saa nzima hataki kuongea na mtu, lakini ule mnuno wa saa tisa ni nafuu mara mia kuliko wa usiku.

Na usingizi wa mchana unahesabika humohumo kwenye jumla ya siku, hili watu wengi hawalijui. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, likasema watoto wa miezi 4 mpaka 11 wanahitaji masaa 12 mpaka 16 kwa siku nzima, wa mwaka mmoja na miwili masaa 11 mpaka 14, wa miaka mitatu na minne masaa 10 mpaka 13. Kwahiyo kama wako ana miaka minne na amepiga masaa mawili mchana, akikupa tisa usiku kashamaliza kazi yake huyo, usimtegemee alale mpaka saa mbili asubuhi. Wengi wanaacha wenyewe kulala mchana kati ya miaka 3 na 5, na kile kipindi cha kuacha ni kigumu, leo analala kesho hataki, asipolala ikifika jioni hafai kwa lolote. Siku kama hizo we usibabaike, mlaze usiku mapema tu, hata saa moja na nusu.

Maana kuna ile imani kwamba mtoto akichezeshwa mpaka achoke hoi atalala usingizi wa pono. Kwa mtu mzima labda. Mtoto mdogo akipitiliza kuchoka mwili unamjibu kinyume, unamwaga homoni za kumweka macho, unamwona anakimbia sebuleni huku na huku, anacheka bila sababu, mara analia kisa soksi imekaa vibaya, na wewe unasema "huyu bado ana nguvu, muache acheze kidogo". Hana nguvu huyo, amezidiwa. Ukitaka kumpatia mwangalie kabla hajafika huko, anaanza kusugua macho, anavuta sikio, anakodoa macho hewani, mchezo alioupenda hautaki tena. Hapo ndo pa kumuwahi, ukijiambia ngoja nimalizie hiki kwanza umeshapitwa na utasubiri saa nzima nyingine.

Mwanga nao jamani. Giza likiingia ubongo unatoa melatonini, hiyo homoni ya kuuambia mwili kuwa usiku umefika, sasa mwanga mkali unaizuia na macho ya watoto yanapitisha mwanga mwingi kuliko yetu. Sisi baada ya chakula cha usiku tunazima taa kubwa tunabaki na ndogo, na katuni zinakoma. Kwenye katuni najua nitapingwa maana kila mzazi anajua thamani ya ile nusu saa ya utulivu unapopika au kuoga, hata mi sijazifuta nyumbani. Mwongozo huohuo wa 2019 unasema chini ya mwaka mmoja skrini hapana kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo vizuri. Ninachosema ni kwamba kama lazima ziwepo basi ziwe za jioni ya mapema, na simu isiwe ndo kitu cha mwisho anachokiona kabla ya mto. Anayelala na simu mkononi ukiichomoa anaamka, kila mtu aliyewahi kujaribu analijua hilo.

Tukija kwenye shughuli yenyewe ya kulaza, kitu kilichotusaidia kuliko vyote ni kufanya mambo yaleyale kwa mfuatano uleule. Kuoga, nguo za kulala, mswaki, chooni, hadithi, taa. Mtoto wa miaka mitatu saa haijui lakini mfuatano anaujua kuliko wewe, ukiruka mswaki anakukumbusha. Na isiwe ndefu, nusu saa inatosha, ukiifanya ya saa nzima itakushinda siku ukiwa umechoka na utairuka na ukiiruka ndo hivyo tena.

Ile michezo ya "nataka maji", "nataka kukojoa", "nataka kukwambia kitu", hiyo haiishi, tusidanganyane. Mtoto anataka dakika moja zaidi na wewe na ameshagundua kwamba neno kukojoa hakuna mzazi anayelipuuza. Tunachofanya ni kuyatanguliza yote, maji ameshakunywa, chooni ameshaenda, la kusema tunamuuliza kabla ya hadithi sio baada, afu anabaki na ombi moja la ziada. Moja tu, na analijua, na utashangaa anavyolitunza, kuna siku analala hajalitumia kwa kuogopa kulimaliza. Na wape vitu vya kuchagua vidogo vidogo, nguo hii au hii, hadithi hii au ile, maana siku nzima mtoto anaamrishwa tu, hapa vaa pale kaa, usiku ndo anakuja kudai haki zake zote kwa mkupuo. Ila usimuulize "unataka kulala?" Jibu unalijua.

Kitu kimoja nakikataa kabisa ni kutishia. Lala dudu linakuja, lala nitamuita askari, lala nikuache peke yako. Hebu fikiria mwenyewe, unamwambia mtu kuna dudu gizani, afu unazima taa, afu unamwambia funga macho. Wewe ungelala? Kuanzia kama miaka miwili na nusu mawazo yao yanachangamka sana na hofu ya giza inakuja yenyewe hata bila msaada wetu. Akisema kuna kitu chini ya kitanda mi hata sibishani naye, tunawasha taa tunaangalia wote, hakuna, tunaacha taa ndogo, basi. Kumwambia "acha ujinga" hakujawahi kuondoa hofu ya mtoto yeyote.

Na ukitoka chumbani muage. Najua kunyatia kunavutia zaidi, unasubiri apitiwe afu unatoka kama mwizi, lakini akizinduka akakukosa kesho yake atalala jicho moja wazi akikulinda. Sisi tunamwambia "naenda kunywa maji narudi kukuangalia", na tunarudi kweli. Mwanzoni ni baada ya dakika mbili, siku zikienda inakuwa tano, kumi, siku hizi nikirudi mara nyingi nakuta ameshalala. Ila lazima urudi, siku moja ukidanganya umeharibu.

Watoto wachanga sheria zao ni nyingine kabisa na naomba tusichanganye. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hajui usiku wala mchana, saa yake ya ndani bado haijakaa sawa, na kuamka kunyonya ni haki yake, tumbo lenyewe dogo. Kulia kwa watoto wachanga huwa kunapanda mpaka kilele chake kwenye wiki ya sita hivi, hasa jioni, afu kunashuka miezi mitatu minne ikifika. Hicho kipindi hakuna ratiba itakayokuokoa, kuna kubebana tu. Na kama amenyonya, mkavu, hana homa, na bado analia na wewe unahisi hasira inakupanda mpaka kichwani, mlaze mahali salama, toka nje ya chumba, vuta pumzi dakika chache afu urudi, au muite mtu akupokee. Kulia hakutamdhuru, kutikiswa kutamdhuru, ubongo wa mtoto mchanga ukitikiswa unaweza kuvuja damu na akafa au akapata ulemavu wa maisha.

Pia mlaze chali, kila akilala, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto wala midoli wala mablanketi mazito. Zamani watu wengi waliambiwa wawalaze kifudifudi eti asije akapaliwa akicheua, na bibi wengine mpaka leo wanashikilia hapohapo. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1994 na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikashuka kwa kama nusu ndani ya miaka michache. Kumlaza chali hakumuongezei hatari ya kupaliwa. Akishaanza kujigeuza mwenyewe huku na huku we mlaze chali, akijigeuza usiku huna haja ya kukaa unamrudisha.

Kwenye miezi nane hivi jiandae, mtoto aliyekuwa analala vizuri anaanza kulia ukimuacha tu. Ameshajua kwamba ukitoka bado upo mahali, sasa anakutaka. Inapita.

Na dawa ya mafua kumpa mtoto ili asinzie, jamani hapana. Nasikia watu wanaliongea kabisa kwa kujiamini. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu ya madhara makubwa yanayoweza kutokea. Usingizi wa dawa kwa mtoto sio usingizi.

Usiku wa manane nako kuna mambo yake. Kuna kuweweseka na kuna ndoto mbaya, na ukivichanganya utajipa kazi. Kuweweseka kunakuja masaa ya mwanzo ya usiku, mtoto anakaa au anasimama, anapiga kelele, macho wazi lakini hakuoni, ukimshika anakusukuma. Inatisha, mara ya kwanza utadhani kapandwa na kitu. Kumbe yuko kwenye usingizi mzito, usimtikise wala kumlazimisha aamke, kaa karibu asijiumize, itaisha, na asubuhi hana habari, wala usimhadithie. Inatokea zaidi siku aliyochoka sana au ana homa, narudi tena kwenye habari ya kumlaza mapema. Ndoto mbaya inakuja kuelekea alfajiri, anaamka kabisa, anakutambua, anakwambia ameota nini, huyu sasa ndo wa kumkumbatia mpaka atulie.

Kukojoa kitandani kabla ya miaka mitano wala usikifanye kesi. Kibofu chake kidogo na usingizi wake mzito, hafanyi makusudi. Weka mpira juu ya godoro, shuka ya akiba iwe karibu, badilisha gizani bila hotuba, mlale.

Ila mtoto anayekoroma karibu kila usiku kwa nguvu, au anayeacha kupumua kidogo afu anashtuka kama anatafuta hewa, huyo mpeleke kwa daktari. Mara nyingi ni mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zimevimba, na mtoto wa hivyo anaweza kulala masaa yote hayo na bado mchana akawa msumbufu kwa sababu usingizi anaopata hautoshi, na mnaweza kukaa mwaka mzima mnamuita mtundu.

Mwisho ni nyie wawili, kama mko wawili. Gaweni usiku, msiamke wote. Kwetu mmoja anashika mpaka saa nane, mwingine kuanzia hapo mpaka asubuhi, na ambaye sio zamu yake anaruhusiwa kutosikia. Maneno ya saa tisa usiku hayahesabiwi. Kuna usiku wote wawili wanaamka pamoja, mdogo analia mkubwa naye anasema kaamshwa, hapo tunavunja zamu, nani ana ziwa anamchukua mdogo, mi naenda na mkubwa, na tukiona haisaidii tunahamia wote chumba kimoja sisi na mkubwa chini kwenye godoro na mdogo kwenye kitanda chake, yaishe.

Na bibi yao akija kututembelea mi nafunga mdomo kabisa. Wanalala saa wanayotaka, wanahadithiwa mpaka usiku wa manane, taa zote zinawaka. Akiondoka inatuchukua siku tatu nne kurudi kwenye mstari, na huyo mkubwa siku ya kwanza analala saa kumi na moja jioni na viatu miguuni.