Jibu: Indonesia iliachaje kuuza nikeli ghafi?

Mkuu, umeuliza Indonesia ilifanyaje hadi ikaacha kuuza nikeli ghafi, na kama kweli imefaidika. Haikuwa kazi ya siku moja. Sheria ya madini ya 2009 ilitaka madini yachakatwe nchini; marufuku ikaanza 2014, ikalegezwa 2017, kisha Januari 2020 wakafunga kabisa.

Ule mzigo wa zamani wa Sulawesi, kisiwa cha Indonesia chenye nikeli, ni udongo mwekundu wenye unyevu, na nikeli ndani yake ni kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 tu. Yaani meli nzima inang'oa nanga imejaa matope, thamani wakaichenjue wengine! Leo pale Morowali, eneo la viwanda huko huko Sulawesi, tanuru zimesimama karibu na bandari, na kinachopakiwa ni chuma chenye nikeli, chuma cha pua na malighafi za betri. Umoja wa Ulaya uliishtaki Indonesia kwa marufuku hiyo kwenye Shirika la Biashara Duniani (WTO), ukashinda 2022. Indonesia ikakata rufaa, ikaendelea na msimamo wake.

Faida ipo, sikatai. Ila mitaji mingi ni ya Wachina, umeme unatokana na makaa ya mawe, na Desemba 2023 mlipuko kwenye kiwanda kimoja uliua watu 21. Hao 21 huwa nawakumbuka kila mtu anapousifia mfano huu.

Kwa sisi Watanzania tuliozuia kusafirisha nje makinikia (mchanga wa madini ambao haujachenjuliwa) 2017, tukumbuke Indonesia ina akiba kubwa mno ya nikeli. Mnunuzi hakuwa na pa kukimbilia, ndiyo maana akaenda kujenga huko Indonesia.