Jibu: Mume amemaliza tibakemia lakini anakwepa sala

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama mumeo kukwepa sala ya jioni tangu amalize tibakemia (dawa kali za saratani) ni dalili ya kupoteza imani. Mimi sidhani. Uchovu wa dawa zile hauishi na dozi ya mwisho. Unaweza kudumu miezi, na usingizi hauuondoi. Mke wangu alikuwa akisinzia rozari ikiwa mkononi. Tukahamishia sala kitandani kwake: Zaburi 23 basi, watoto wakipokezana mistari, mdogo akiruka maneno magumu. Siku nyingine alisikiliza tu, macho kayafumba. Usimhubirie (Ayubu mwenyewe alilalamika sura kwa sura!). Ila uchovu ukizidi badala ya kupungua, au akikosa hamu ya kila kitu, mwambieni daktari wake. Upungufu wa damu na sonona vinatibika.