Kabla ya mkasi: kwa mnaoanza ushonaji hapa Kigoma

Mwaka wangu wa pili kwenye cherehani, mama mmoja alishuka boti Kibirizi akachukua bodaboda moja kwa moja hadi Mwanga, kwenye kibaraza tulichokuwa tunashonea. Alikuwa na kitenge cha waksi, yadi 6 kamili, bado kikavu cha dukani, ukikishika kinalia. Alitaka mshono wa kwao Kongo: blauzi, sketi ya kubana, na kipande cha tatu cha kujifunga kwa juu. Nilishona siku mbili na nilijisifu moyoni. Alipokuja kuchukua, hakuijaribu hata blauzi. Aliigeuza sketi, akapapasa pindo, akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko makelele: "Fundi, maandishi yangu yako wapi?"

Maandishi yake yalikuwa kwenye kiroba cha vipande. Ule utepe wa ukingoni wenye jina la kiwanda nilikuwa nimeukata wote, kwa sababu nilifundishwa kuwa ukingo haushonwi. Kumbe kwake ule utepe ndio uliokuwa ushahidi kwamba kikwembe chake, maana ng'ambo kitenge wanakiita hivyo, ni cha kweli na si cha kuigiza. Alitaka ukae chini ya sketi kabisa, wifi zake wausome harusini. Bosi alilipa kitenge kipya, mimi nikakatwa hela miezi mitatu.

Tangu siku hiyo sishiki mkasi kabla ya kuuliza maswali mawili: nguo hii imetoka wapi, na inakwenda wapi? Nawaandikia nyinyi mnaoanza kwa sababu naona mnafundishwa kupima kifua, kiuno na hipsi, kisha mnapewa kitambaa cha mtu.

Hilo la "imetoka wapi" si udadisi. Chukua kitenge chenyewe tunachokiita vazi la Kiafrika. Waksi ilianza kama jaribio la Waholanzi la kuiga kwa mashine batiki ya kisiwa cha Java, Indonesia, yaani nguo inayochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi. Kiwanda cha Vlisco kilianzishwa mji wa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Nguo ile ikapata wanunuzi wake wakubwa Afrika Magharibi, ikasambaa, na leo inatufikia ikiwa imevuka ziwa kutoka Uvira na Kalemie. Wanawake wa Kongo wameivaa na kuichagulia mshono mpaka imekuwa yao. Ndiyo maana mteja wa ng'ambo akikuelekeza namna ya kupanga maua yake, msikilize. Kama kitenge kina ndege, mkia usitazame juu mgongoni. Nimeona sketi nzuri ikikataliwa kwa kosa hilo moja.

Halafu kuna maneno tunayoyatamka kila siku bila kuyafikiria. Mteja anasema "nipimie doti". Doti ni kipimo cha njia ya misafara. Mkono ulikuwa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, karibu nusu yadi. Mikono 4 ikawa shuka, mikono 8 ikawa doti, yaani yadi 4. (Bila shaka kila mwenye duka alimtafuta mpimaji mwenye mikono mifupi.) Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, walipofika Ujiji mwaka 1858, wapagazi wao walibeba nguo na shanga, kwa sababu ndizo zilizokuwa fedha. Chakula, hongo (ushuru wa kupita kwa machifu) na ujira vililipwa kwa nguo. Iliyosifika zaidi ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyofumwa Massachusetts, Marekani, na kuletwa na merikebu kutoka bandari ya Salem, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoiharibu biashara hiyo na viwanda vya Bombay vikachukua nafasi. Kwa hiyo ukipita chini ya miembe ya Ujiji ukiwa na jora begani, ujue wengi wamepita hapo na jora begani, na si wote waliopita kwa hiari yao.

Ndiyo sababu kaniki siishoni kizembe. Ile nguo nyeusi ya kuiva, ya rangi ya nili, pamoja na merikani, ndizo zilizokuwa nguo za watumwa na maskini pwani. Utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamezivaa kwa lazima walizitupa wakakimbilia kanga: rangi nyingi, maua makubwa, na baadaye jina, yaani ule msemo ulioandikwa. Huku bara Tanganyika sheria ya kuufuta utumwa ilikuja mwaka 1922 tu. Watu husema kanga ni ya mipasho. Sawa, lakini kabla ya mipasho ilikuwa namna ya mwanamke kusema mimi si mali ya mtu, tena bila kufungua mdomo.

Na jina la kanga lina mahali pake. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na jina hukaa sehemu ya chini ya mji, karibu na pindo la chini. Ukiikata kuwa gauni bila kupanga, jina linapasuka. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kushonea gauni kanga ya "Wema hauozi". "Wema" ikaingia kwenye mshono wa pembeni ikapotea. "Hauozi" ikabaki peke yake, katikati ya makalio. Mteja alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakataa kulipa, na alikuwa na haki. Tandaza kanga sakafuni kwanza, soma kwa sauti, weka pini kwenye jina, ndipo uchore.

Somo ninalolipenda kuliko yote liko kwenye pindo. Ukiletewa gauni la zamani lirekebishwe, usikimbilie kufumua. Lifunue pindo polepole ulitazame kwenye mwanga. Mwaka jana nililetewa la marehemu mama wa mteja, la maua ya bluu. Lilikuwa na mistari mitatu ya matundu ya sindano, mmoja juu ya mwingine, na kati ya kila mstari rangi imepauka tofauti, kama mchanga wa ziwani maji yakipungua. Lilikuwa na akiba ya vidole vinne ndani. Nani leo anaacha akiba ya vidole vinne? Mshonaji aliyelirekebisha mwanzoni mwa miaka ya 80 aliiacha, kwa sababu baada ya vita vya Uganda nguo iliadimika, doti ya kanga ilipangiwa foleni, na gauni lilitakiwa livaliwe na dada mkubwa, kisha na mdogo mtu. Mitumba iliporuhusiwa katikati ya miaka hiyo, akiba ikaanza kufa.

Mstari wa juu kabisa ulinishangaza zaidi. Ulikuwa juu ya goti. Mteja akacheka: "Mama yangu? Haiwezekani!" Inawezekana. Vijana wa TANU, chama tawala wakati huo, walipotangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ianze Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, walizipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Wanaume nao walitajwa, ila waliosumbuliwa barabarani zaidi walikuwa wanawake. Miaka michache baadaye ng'ambo ya ziwa, Rais Mobutu naye akawa anawaambia wanawake wa Zaire, Kongo ya sasa, waache suruali na mawigi wavae kitenge, ndio uasilia. Ziwa moja, serikali mbili zisizopatana kisiasa, na zote zinakagua pindo la mwanamke! Mimi siamini kwamba nguo ilirefushwa na fasheni peke yake.

Kwa hiyo mteja akikwambia "shusha kidogo, fundi", usibishane wala usimwonyeshe picha ya Instagramu. Muulize inakwenda wapi. Ya ukweni, ya ofisini, ya msibani na ya kitchen pati hazikatwi sawa hata kama mwili ni uleule. Picha za simu tumieni, mimi pia natumia, lakini yule wa kwenye picha amesimama. Wa kwako atapanda bodaboda na ndoo ya mawese.

Kuhusu zipu, bitana na ova-loki mtajifunza kwa mikono, sina la kuongeza. Ila tunzeni kiroba cha vipande, na kila kipande kibandikeni karatasi: cha nani, mwaka gani, kilikuwa cha nini. Changu kinajaa cha tatu sasa, na utepe wa yule mama wa Kibirizi bado nimeuweka.

Juzi alikuja bibi kutoka Ujiji na kaniki mpya, imekunjwa ndani ya gazeti. Alitaka ikatwe mara mbili na kupindwa kingo tu, kwa uzi mweusi. Nikamuuliza imetoka wapi, akanitajia duka. Akanitazama akisubiri swali la pili. Nikamwambia, "Shikamoo tena, bibi, njoo saa kumi," nikabadilisha uzi kwenye cherehani.