Mama amekataa chanjo: nilichojifunza baada ya kugombana na kaka yangu mwaka mzima

Mleta mada, umesema mama yako ana miaka 67, ana presha, na chanjo ya korona ameikataa tangu ilipotoka. Umesema pia mmegawanyika nyumbani, na mara ya mwisho mlipokaa kulizungumza mama aliinuka akaenda kulala bila kuaga. Unauliza umwonyeshe ushahidi gani akubali. Wachangiaji wamekushushia makala na video za kutosha. Mimi naomba nikueleze yaliyonikuta, kwa sababu na mimi nilianza na ushahidi, nikaharibu.

Mimi ni muuguzi. Mwaka 2021 nilikaa meza ya chanjo tangu dozi za kwanza zilipofika. Kazi ilikuwa ile ile kutwa: jina, umri, una mzio wa dawa yoyote, kunja mkono wa shati, haya, kaa pale dakika kumi na tano. Na kila aliyeniuliza nilimjibu kwa sentensi moja niliyokuwa nimeizoea: "Haina madhara yoyote, ni maudhi madogo madogo tu, mkono kuuma na homa ya siku moja." Nilimwambia hivyo na kaka yangu mkubwa. Alikuwa bado hajakubali, lakini alikuwa ananisikiliza.

Machi mwaka huo nchi kadhaa za Ulaya zikasimamisha chanjo ya AstraZeneca. Tarehe 7 Aprili Shirika la Dawa la Ulaya likatangaza kwamba kuna aina ya kuganda damu, inayoambatana na kushuka kwa chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda), na kwamba iandikwe kwenye orodha ya madhara ya nadra sana. Siku hiyo hiyo Uingereza ikasema walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine. Usiku kaka akanipigia. Hakufoka. Alisema, "Mdogo wangu, uliniambia haina madhara yoyote. Ulikuwa hujui, au ulinificha?"

Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba wakati namwambia hakuna aliyekuwa anajua, nami nilisema kama mtu anayejua. Nikaanza kumweleza kwamba makadirio ni kama mtu 1 kati ya 100,000, na kwamba korona yenyewe inagandisha damu mara nyingi kuliko hivyo. Yote mawili ni kweli. Lakini yalikuja yamechelewa, yakasikika kama mtu anayejitetea. Kuanzia hapo kila namba niliyomletea aliipokea kama imetoka kwa mtu aliyekwisha kumdanganya.

Mkuu, hili ndilo kubwa nililotaka kukuambia. Usimwahidi mama yako kitu ambacho hata waliotengeneza chanjo hawakukiahidi. Sisi tuliokuwa upande wa chanjo tulifanya hivyo sana, kwa nia njema, na tumelipa kwa imani ya watu.

Chukua ile "asilimia 95" iliyokuwa kwenye kila taarifa ya habari. Wengi walielewa kwamba kati ya waliochanjwa 100, watano wataugua. Wengine wakaelewa kwamba chanjo inazuia kuambukiza wengine kwa asilimia 95. Kilichotokea kwenye jaribio la Pfizer ni hiki: watu zaidi ya 43,000 waligawanywa nusu kwa nusu, nusu wakapewa chanjo na nusu sindano ya maji ya chumvi. Wakasubiriwa. Walipofika wagonjwa 170 wenye dalili, wakatazama kila mmoja alitoka kundi gani: 162 walikuwa wa maji ya chumvi, 8 wa chanjo. Hapo ndipo 95 ilipotoka. Ni matokeo mazuri mno, kwa kirusi kilichokuwepo mwaka 2020, kwa miezi michache, na kilichopimwa ni kuugua kwa dalili. Jaribio lile halikupima kama aliyechanjwa anaweza kumwambukiza jirani yake. Sasa sisi tukawaambia watu "ukichanja huambukizi". Omicron, aina mpya ya kirusi, ilipoingia mwishoni mwa 2021, waliochanjwa wakaambukizwa kwa wingi, na kila aliyekuwa na shaka akasema, si mnaona? Kinga dhidi ya kulazwa na kufa ilibaki juu hata wakati huo, lakini nani alikuwa bado anatusikiliza?

Barakoa vilevile. Mwanzoni mwa 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema raia wazima hawana haja ya kuzivaa. Juni 2020 likabadili msimamo. Kubadili msimamo kwa sababu umejua zaidi ni kazi ya sayansi, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba ushauri wa kwanza ulitangazwa kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa. Kaka yangu aliyakumbuka yote mawili, na tarehe zake.

Kuna wachangiaji wawili huko juu wamewaita wanaosita "wajinga wa mitandaoni". Naomba tuache hilo. Kusita kuchanja ni kwa zamani kuliko mtandao wowote. Uingereza ilipolazimisha watoto wachanga wachanjwe ndui mwaka 1853, watu waligoma, wakatozwa faini, wakafungwa. Mwaka 1885 mji wa Leicester ukajaa waandamanaji, na mwaka 1898 sheria ikalegezwa, mzazi akaruhusiwa kukataa kwa sababu za dhamiri. Wengine wanasita kwa jambo lililotokea kweli. Mwaka 1955 kiwanda kimoja cha California kilitoa chanjo ya polio ambayo virusi vyake havikufa vyote. Watoto wapatao 200 walipooza, 10 wakafariki. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu karibu milioni 45 dhidi ya mafua ya nguruwe, janga lenyewe halikutokea, na ikaonekana chanjo ile imeongeza kidogo ugonjwa wa kupooza wa Guillain-Barré, kama mtu 1 kwa kila 100,000. Mpango ukasimamishwa Desemba.

Nilikuwa nayaogopa haya, nikidhani mtu akiyajua hatachanja kamwe. Sasa nayasimulia mimi mwenyewe, na ninaendelea hadi mwisho wake: chanjo ya polio ilisimamishwa, ukaguzi wa viwanda ukakazwa, ikarudi, na polio ikaporomoka. Hata lile la damu kuganda, jambo linalompata mtu mmoja kati ya laki moja liligunduliwa ndani ya miezi michache tangu chanjo ianze kutumika kwa watu wengi, likatangazwa hadharani, umri wa kuipata ukabadilishwa. Mtambo wa kufuatilia madhara ulikuwa unafanya kazi. Ningemwambia kaka tangu siku ya kwanza, "Madhara makubwa ya nadra yanaweza kujitokeza, na yakijitokeza yatatafutwa na tutaambiwa," Aprili ingefika kama uthibitisho wa maneno yangu.

Kuna pia uzushi mtupu, na huo sitaubembeleza. Utafiti wa daktari wa Uingereza, Wakefield, wa 1998 uliowatisha wazazi kwamba chanjo ya surua inaleta usonji ulikuwa wa watoto 12 tu; jarida la Lancet liliufuta mwaka 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Na aliyeandika hapo juu kwamba mRNA (maelekezo ambayo chanjo kama ya Pfizer inayapeleka kwenye seli) "inaandika upya DNA": maelekezo yale hayaingii kwenye kiini cha seli ilimo DNA, seli inayasoma, inatengeneza kipande cha protini, kisha yanamomonyoka. Teknolojia yenyewe haikuzuka 2020. Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha ugunduzi wao mkuu mwaka 2005, wakapewa Nobel mwaka 2023.

Sasa nirudi kwa kaka, kwa sababu na yeye alikuwa na hoja, na mbili kati ya hizo huenda na mama yako anazo.

Ya kwanza: "Wodini kumejaa waliochanjwa." Siku moja alinitumia habari kwamba zaidi ya nusu ya waliolazwa mahali fulani walikuwa wamechanjwa. Nilitaka kumjibu kwa hasira. Badala yake nikachukua daftari nikamchorea. Tuseme wazee 1,000, na 900 wamechanjwa, 100 hawajachanjwa. (Nilimwambia wazi kwamba namba hizi ni za mfano, nimezitunga ili hesabu ionekane.) Kati ya 100 wasiochanjwa, 20 wanalazwa. Kati ya 900 waliochanjwa, watatu kwa kila mia wanalazwa: 27. Ukiingia wodini utakuta watu 47, na waliochanjwa ndio wengi. Lakini asiyechanjwa alikuwa na nafasi 20 kwa mia ya kulala pale, aliyechanjwa tatu. Kaka alichukua kalamu, akapiga hesabu tena pembeni, akabadilisha 900 kuwa 500 aone inakuwaje. Ikawa waliochanjwa 15 kwa wasiochanjwa 100. Hakusema kitu, alilikunja lile karatasi akaliweka mfukoni. Katika mwaka mzima wa mabishano, hiyo ndiyo dakika pekee niliyoona hesabu imefanya kazi, na nadhani ni kwa sababu aliifanya yeye.

Ya pili: "Watu walikufa wakiwa na korona, hawakufa kwa korona." Kwa kifo kimoja kimoja, swali hilo ni halali na wakati mwingine ni gumu kweli. Ndiyo maana watakwimu hutumia vifo vya ziada. Unachukua idadi ya watu ambao kwa kawaida wangekufa kipindi hicho, ukilinganisha na waliokufa, bila kujali cheti kimeandikwa nini. WHO ilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 kwa 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa kama milioni 5.4. Wamo humo waliokufa kwa magonjwa mengine kwa sababu hospitali zilizidiwa. Kwa hiyo kama kulikuwa na kosa la kuhesabu, duniani kwa ujumla lilielekea kupunguza.

Alikuwa pia na ile ya "asilimia 99 wanapona". Kwa kijana mzima ni kweli, hata zaidi ya hapo. Tatizo ni kulichukua wastani wa watu wote ukamvisha mzee wa miaka 80, maana hatari ya korona inapanda kwa umri kupita karibu kila kitu kingine. Ukweli huo huo unambana na mtu wa upande wangu: kumtisha kijana wa kiume wa miaka 20 kwa takwimu za wazee, huku unamficha kwamba umri wake ndio ambao kuvimba msuli wa moyo kulionekana zaidi baada ya dozi ya pili ya mRNA, si uungwana.

Pamoja na yote hayo, kaka hakubadilishwa na hoja. Mwishoni mwa 2021 nilikwenda kwake kwa shughuli nyingine kabisa, tukiwa wawili tu, na kwa mara ya kwanza nikamwuliza bila kujiandaa kumjibu: "Kaka, hasa unaogopa nini?" Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanikumbusha jambo la shemeji yangu, miaka mingi nyuma. Alichomwa sindano ya dawa ambayo alikwisha kuwaambia haipatani naye. Alivimba koo, nusura afe. Hakuna aliyeomba radhi. Waliandika kwenye faili kwamba mgonjwa hakutoa taarifa. Kaka alikuwa amesimama pale pale mlangoni akimsikia mkewe akitoa hiyo taarifa.

Mimi nilikuwa nalijua tukio, lakini sikuwahi kuliunganisha. Mwaka mzima nilikuwa nambishia kuhusu virusi na asilimia, kumbe yeye anaona mtu mwenye sare kama yangu akiandika uongo kwenye faili. Nilimwambia walikosea, na kwamba walipaswa kuomba radhi. Sikuongeza "lakini". Wiki tatu baadaye alinipigia kuuliza chanjo ipi ingemfaa mtu wa umri wake, akachanja. Dozi ya nyongeza aliikataa na hadi leo hajaichukua. Kuhusu kufungiwa watu ndani hatukubaliani kabisa, na sidhani tutakubaliana.

Kwa hiyo kwa mama yako: mfuate akiwa peke yake, wala msimwendee kama baraza. Mwulize anaogopa nini, umsikilize hadi amalize. Inawezekana ni jambo ambalo hamjawahi kulisikia. Halafu umwambie ya leo, usimtishe kwa ya 2021. WHO ilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023. Kirusi kipo, lakini karibu kila mtu sasa ana kinga kiasi, kwa kuugua au kwa kuchanjwa, naye pengine amekwisha kuugua. Hatari yake imepungua, haijaisha; kwa miaka 67 na presha bado yumo kwenye kundi ambalo chanjo inalisaidia zaidi. Mwambie pia mkono utauma na anaweza kuwa na homa siku moja au mbili. Akikataa baada ya hapo, mwache, ubaki mtu ambaye yeye anaweza kumwuliza tena.

Na akikubali, mwulize kama katika dawa anazokunywa kuna ya kuzuia damu kuganda. Kama ipo, haimzuii kuchanja, ila amwambie mchanjaji kabla hajachomwa, na baada ya sindano abonyeze pale kwa pamba kwa dakika mbili kamili bila kusugua.