Mizinga ibaki nje, ila iwe mikavu

Ndugu, umeuliza kama mizinga yako ya nyuki huko Minnesota, Marekani, uihamishie kwenye banda lenye joto kabla ya theluji. Nakushauri uiache nje, kwani nyuki hujikusanya pamoja, wakala asali na kutetemesha misuli ya mabawa hadi wapate joto la kuwatosha. Unyevu ndio wa kuogopwa kuliko baridi: mvuke wa pumzi zao hupanda, hugusa kifuniko kilichopoa na kuwadondokea ukiwa maji ya baridi kali, kwa hiyo weka ubao wa kuzuia baridi chini ya kifuniko na uache tundu dogo la hewa juu. Inua mzinga kidogo kwa nyuma, maji yatoke kwa mbele. Mzinga ukiwa mwepesi, yaani asali ni kidogo, walishe nyuki sasa, kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji, kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Mlango uupunguze, panya wasiingie.