"Mfumo umekataa": maswali yenu kuhusu bajeti ya kijiji

Mkutano wa kijiji ulipitisha ukarabati wa zahanati. Bajeti imetoka, zahanati haimo. Mtendaji anasema mfumo umekataa. Ni kweli? (Mjumbe wa serikali ya kijiji)

Jibu hilo nimelichoka. Mfumo wenyewe ni PlanRep, wa kuandalia mipango na bajeti, ambao halmashauri zinautumia kwa njia ya mtandao tangu 2017. Unaweza kugomea kiasi kinachozidi ukomo wa bajeti. Kuchagua kati ya zahanati na choo cha shule ni kazi ya watu, tena watu wenye majina. Kwa hiyo fuata karatasi. Muhtasari wenu uliosainiwa ulifika kata? Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, iliujadili au iliuruka? Na ulifika lini? Mwaka wa fedha huanza Julai 1, ila bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Muhtasari wa Mei hukuta chungu kimeshaepuliwa. Mwombeni diwani nakala ya mpango wa kata iliyochapishwa kutoka mfumoni. Baraza la Madiwani ndilo lililoupitisha, asiseme hajauona.

Mwenyekiti anasema mapato na matumizi yapo kwenye mfumo, hakuna haja ya kuyasoma mkutanoni.

Nywila mnayo? Basi ayasome. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu, na hakuna kompyuta iliyoufuta. Akimaliza, ayabandike ubaoni, kwa maandishi ambayo bibi yangu angeyaona bila miwani.

Mtoza ushuru sokoni anasema mashine ya POS imezima, anaandika kwenye daftari. Nilipe?

Dai risiti ya mashine, au akupe kumbukumbu namba ulipe kwa simu. Daftari lake halmashauri hailioni. Na ushuru huo ni sehemu ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 10 yake hutengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hela iliyolala daftarini haitengewi mtu.

Kikundi chetu cha akina mama kinataka mkopo huo. Maombi ni ya mtandaoni, na hakuna mwenye simu janja.

Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kuwasaidia kujaza ni kazi yake, si hisani. Kabla hajatuma, awasomee majina yenu kutoka kwenye kioo, herufi kwa herufi.