Je, ni lazima mpunga usimame majini msimu mzima?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima mpunga katika skimu ya umwagiliaji wilayani Mbarali. Zamu zetu za maji zimepungua, na kila msimu naongeza mbolea ya yurea bila mavuno kupanda. Je, naweza kulima bila kutuamisha maji? Nahofia pia magugu.
Msomaji, Mbarali

JIBU: Ndugu msomaji, mpunga huvumilia maji yaliyotuama, lakini hauyahitaji kila siku. Kilimo shadidi, kilichoanzia Madagaska katika miaka ya 1980 kwa juhudi za Padri Henri de Laulanié na kufanyiwa majaribio na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Mkindo, Morogoro, hupandikiza miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, kisha jaruba, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta, huloweshwa na kuachwa likauke kwa kupokezana ili mizizi ipate hewa.

Usikisie kiwango cha maji. Chukua bomba la plastiki la sentimita 30, toboa matundu nusu yake ya chini, izike nusu hiyo jarubani na uondoe udongo ulioingia ndani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, mwagilia hadi yasimame sentimita 5. Mpunga unapotoa maua, usiuache ukauke hata kidogo.

Hofu yako kuhusu magugu ni ya haki, kwa kuwa maji ndiyo yaliyokuwa yakiyazuia. Anza palizi siku ya 10 baada ya kupandikiza, ukipitisha kipalizi cha kusukuma kwa mkono kati ya mistari, na urudie hadi majani yafunike ardhi.

Kuhusu rutuba, yurea hutoa naitrojeni pekee, ilhali sehemu kubwa ya potasiamu imo ndani ya mabua mnayoyaondoa au kuyachoma. Yafukie mara baada ya kuvuna, pamoja na samadi iliyooza vizuri, kwani yakifukiwa karibu na kupandikiza hunyang'anya miche naitrojeni nayo hugeuka manjano. Yurea iweke jaruba likiwa halina maji yaliyosimama, kisha umwagilie papo hapo ili izame kwenye mizizi.

Sharti moja ni zito kuliko yote: siku bomba linapoonyesha kwamba maji yanahitajika, ni lazima yapatikane. Zungumza kwanza na viongozi wa skimu na majirani wa mfereji wako kuhusu zamu fupi zinazoaminika. Maji mtakayookoa yana kazi bondeni, kwa maana Mto Ruaha Mkuu, unaopokea maji kutoka Mbarali, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi tangu miaka ya 1990.